Plastiki kwenye udongo mweusi wa Kano: itie njiani, usiitie chini ya nyumba

SWALI: Nimestaafu ualimu na nina ploti ya futi 50 kwa 100 karibu na Ahero, kwenye uwanda wa Kano, Kisumu. Udongo ni mweusi mtupu: kiangazi unapasuka hadi mkono unaingia ufani, na mvua ikinyesha gari halifiki mlangoni. Kijana anayeuza chupa za plastiki zilizosagwa ananiambia nizichanganye na udongo chini ya msingi wa nyumba ya vyumba vitatu, na kwenye njia ya gari pia, kisha nisahau habari ya nyufa. Ni kweli? Na kama ni kweli, nitie kiasi gani?

JIBU: Mwalimu, kijana huyo amekueleza nusu ya habari. Kwenye njia ya gari, plastiki inaweza kukufaa ikiandamana na chokaa. Chini ya nyumba usiitie hata kidogo. Sababu iko ndani ya udongo wenyewe, kwa hiyo nianzie huko.

Udongo mweusi wa pamba wa uwanda wa Kano umejaa madini ya mfinyanzi yaitwayo montimorilonaiti. Chembe zake ni vibamba vyembamba mno vilivyolaliana, na maji hupenya katikati ya kibamba na kibamba na kuviachanisha. Hapo udongo huvimba. Jua likiyanyonya maji hayo, vibamba hukaribiana tena, udongo husinyaa na kupasuka. Nguvu ya uvimbe huo inaweza kupita kilopaskali 100, yaani kama uzito wa tani 10 kwa kila mita mraba. Nyumba isiyo na ghorofa kwa kawaida hukandamiza udongo kwa nguvu ndogo kuliko hiyo, ndiyo maana udongo huishinda na kuiinua. Tena hauiinui sawasawa: mvua za Machi hadi Mei hulowesha pembeni kwanza huku katikati ya sakafu pakibaki pakavu, na kiangazi kikija pembeni ndipo hushuka kwanza. Zile nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye pembe za madirisha, na mlango unaokataa kufungwa mwezi wa tano lakini unafungwa vizuri mwezi wa pili, ndiko zinakotoka.

Plastiki nayo hufanya nini? Vipande vyembamba vikitawanyika ndani ya udongo ulioshindiliwa, hushikwa na msuguano. Udongo ukitaka kuachana, kipande huvutwa pande zote mbili na kuuzuia. Ni kazi ile ile ya nyasi zilizokatwakatwa kwenye udongo wa kukandika kuta. Kwa hiyo udongo hupata ukakamavu wa kuvutwa ambao haukuwa nao, nyufa za kukauka hupungua, na uwezo wa kubeba gurudumu hupanda kiasi. Lakini plastiki haigusi vile vibamba vya montimorilonaiti. Maji yakifika, vitavimba vile vile. Anayekwambia plastiki peke yake huzuia uvimbe anakuuzia kitu kisichokuwamo.

Kinachobadilisha vibamba ni chokaa. Kalisi iliyomo huchukua nafasi ya sodiamu na chembe nyingine zilizoshikilia maji, vibamba hushikamana katika punje ndogo ndogo, na ndani ya siku moja au mbili udongo ulionata kama gundi huwa wa kuchangukachanguka. Baadaye, kwa majuma na miezi, chokaa huendelea kujenga viungo vigumu vinavyofanana na vya saruji. Kwenye njia yako, basi, chokaa itashughulika na maji, na plastiki itashughulika na nyufa na kuvutika. Ukilazimika kuacha kimoja kwa sababu ya pesa, acha plastiki.

Nyumba

Chimba mashimo mawili ya majaribio, moja kila upande wa mahali nyumba itakapokaa, hadi mita 2 au mpaka utoke kwenye weusi. Kama udongo mweusi unaishia mita 1 hadi 1.5, pitisha msingi wote hadi kwenye tabaka gumu lililo chini yake, na ndani ya kuta uondoe weusi wote ujaze muramu ulioshindiliwa kwa matabaka ya milimita 150. Udongo mweusi ukiendelea kwenda chini zaidi, jambo linalotokea sana uwandani, utahitaji slebu nzima yenye nondo iliyopigiwa hesabu na mhandisi aliyesajiliwa. Hapo usibahatishe, na usikubali mchoro wa nyumba iliyojengwa Riat au Kakamega uhamishiwe Ahero, kwa sababu udongo wa huko si huu.

Kisha udhibiti maji, jambo ambalo wajenzi wengi huliacha mwisho na pesa zikiisha huliacha kabisa. Weka mifereji ya paa inayotoa maji mbali, na ukanda wa zege usiopungua upana wa mita 1 kuizunguka nyumba, ulioinama kwenda nje. Tangi la maji na shimo la choo vikae mbali na kuta, na mkaratusi usiwe karibu na nyumba kuliko urefu utakaofikia ukikomaa, kwa sababu mizizi yake hukausha upande mmoja wa msingi. Unyevu ukibaki ule ule mwaka mzima, hata udongo mweusi hutulia.

Kujua udongo wako unavimba kiasi gani

Jaribio hili linafanyika mezani. Tafuta vyombo viwili vya kioo au plastiki vyenye alama za mililita hadi 100, kama vile vya maabara ya shule, na mizani ndogo inayopima gramu. Kausha udongo wa kina cha nusu mita, uponde, uupitishe kwenye chekecheke laini la unga. Pima gramu 10 utie kwenye chombo cha kwanza, gramu 10 kwenye cha pili. Kimoja kijaze maji hadi alama ya 100, kingine kijaze mafuta ya taa. Koroga kwa upole kutoa hewa, uache saa 24.

Mafuta ya taa hayaingii kati ya vibamba, kwa hiyo chombo hicho kinakuonyesha ujazo wa udongo usiovimba. Tuseme udongo umetua kwenye mililita 10 ndani ya mafuta na 18 ndani ya maji. Tofauti ni 8. Gawanya kwa ile 10 ya chombo cha mafuta, ni asilimia 80. Chini ya 20 udongo hauna shida kubwa. Ukipita 50, uvimbe ni mkali sana.

Rudia chombo cha maji ukiwa umechanganya udongo na chokaa: gramu 0.3, kisha 0.4, 0.5 na 0.6 kwa kila gramu 10 za udongo. Mchanganyiko ulowe kidogo na ukae siku nzima, kisha uukaushe na kuuponda kabla ya kupima. Utaona uvimbe ukishuka halafu ukaacha kushuka. Kiasi ambacho kukizidisha hakukupi faida tena ndicho cha kuanzia. Kwa udongo wa aina hii mara nyingi huangukia kati ya asilimia 4 na 6. Ukitaka uhakika, peleka gunia la udongo kwenye maabara ya chuo chenye idara ya uhandisi wa ujenzi, kama Masinde Muliro kule Kakamega, uombe kipimo cha chokaa inayohitajika kwa pH na kipimo cha CBR, yaani uwezo wa udongo kubeba mzigo, cha sampuli iliyolowekwa siku nne. CBR ndiyo lugha ya wahandisi wa barabara: katika mwongozo wa Kenya wa usanifu wa barabara wa 1987, daraja la chini kabisa, S1, ni udongo wa CBR 2 hadi 5, na huu wetu ukilowa hukaa hapo au chini yake.

Chokaa yenyewe

Wengi hupotea hapa. Chokaa ya shamba inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo ni mawe yaliyosagwa tu, kalisi kaboneti. Itatuliza asidi ya shamba la mahindi lakini haitafanya kitu kwenye montimorilonaiti. Unachotaka ni chokaa iliyochomwa kisha ikazimwa, unga mweupe wa ujenzi. Koru, hapo juu ya barabara ya Muhoroni, wamechoma chokaa kwa miaka mingi. Dondoshea siki kwenye kijiko cha unga: ukitoa povu kwa nguvu, ni chokaa ya shamba, au ni chokaa ya ujenzi iliyokaa wazi hadi ikaharibika. Wafanyakazi wavae glavu, buti na miwani, maana chokaa huchoma ngozi yenye jasho na inaweza kupofusha. Kuwe na maji safi ya kuosha macho papo hapo.

Plastiki ipi

Chupa za maji na soda ni PET. Zinafaa kwenye udongo mkavu usio na kemikali, lakini ndani ya chokaa zina udhaifu ambao wauzaji hawausemi: mazingira makali ya chokaa, pH ya 12 na zaidi, hula PET polepole. Polipropilini, yaani plastiki ya magunia yaliyofumwa ya sukari, mchele na mbolea, haisumbuliwi na chokaa. Kwa njia yako mimi ningechagua magunia. Ahero kwenyewe, pamoja na viwanda vya sukari vya huko juu, hutoa magunia chakavu kwa wingi, na kuyakata ni kazi nyepesi kuliko chupa.

Kulitambua gunia lililochoka na jua ni rahisi: chomoa uzi mmoja, uvute kwa vidole. Ukikatika kama karatasi, litupe. Yaliyobaki yaoshe kwa maji ya moto na sabuni, hasa ya mbolea na ya mafuta, kisha uyakate vipande vya mraba vya milimita 40. Ukivisugua, kingo huachana na kuwa nyuzi bapa za upana wa milimita 2 au 3, ndizo unazotaka.

Kama ni lazima utumie chupa, tumbukiza chenga za muuzaji kwenye ndoo ya maji na ukoroge. PET huzama. Vifuniko, ambavyo ni polithilini au polipropilini, huelea, na lebo nyingi pia. Vinavyoelea si sumu, ila vifuniko ni vinene na vya mviringo, havishiki udongo. Chenga zilizosagwa kwa mashine nyingi ni fupi mno. Vipande vizuri ni vya milimita 5 hadi 8 kwa upana na 30 kwa urefu. Chupa ya nusu lita, ukiitoa shingo na kitako, hubakisha kama gramu 8, ambazo ni vipande 100 hivi. Usikubali mabomba ya maji ya PVC, wala mitungi iliyobeba dawa za wadudu.

Vipimo vya njia ya mita 3 kwa mita 20

Unatibu tabaka la milimita 150 baada ya kushindiliwa. Ujazo ni mita za ujazo 9. Udongo mweusi ulioshindiliwa una karibu tani 1.35 za udongo mkavu kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo uzito mkavu ni tani 12 na kidogo. Chokaa ya asilimia 5 ni kilo 608, yaani mifuko 25 ya kilo 25. Nyuzi za magunia asilimia 0.25 ni kilo 30, takriban magunia 300. Ungetumia chupa kwa asilimia 0.5 ungehitaji kilo 61, na hizo ni chupa zaidi ya 7,500 za nusu lita. Hesabu hiyo pekee inatosha kukuonyesha kwa nini magunia yana nafuu.

Usizidishe ukidhani wingi ni nguvu. Vipimo vya maabara vya vipande vya PET mara nyingi hufikia kilele kati ya asilimia 0.5 na 1, kisha uwezo hushuka. Plastiki ikizidi, vipande hugusana vyenyewe kwa vyenyewe badala ya kugusa udongo, na vinateleza. Ukishindilia, udongo unaruka kama godoro na haukazi. Maji nayo hupata vijia kando ya vipande.

Kazi yenyewe

Ifanye Januari, Februari au kati ya Julai na Septemba, na uwe na karatasi za nailoni za kufunika kwa sababu mvua ya alasiri haina ratiba. Ondoa majani na mizizi, kisha chimba mitaro ya kando, kina kisichopungua sentimita 30, yenye mahali pa kutokea maji. Kama hayana pa kutokea, mtaro ni bwawa na ni bora usiuchimbe. Igawe njia katika vipande kumi vya mita 3 kwa 2. Kila kipande kitakula chokaa kilo 61, kama mifuko miwili na nusu, na nyuzi kilo 3.

Siku ya kwanza, tifua kina cha sentimita 15 hadi 20 na uvunje mabonge. Mwaga chokaa sawasawa, geuza kwa jembe mara tatu au nne mpaka usione mistari myeupe, ukiongeza maji kidogo kidogo. Udongo uliokauka unaweza kunywa mitungi sita ya lita 20 kwa kipande kimoja. Ukiukamata ngumi uwe unashikamana bila kuchuruza maji. Ukandamize kidogo kwa miguu, ufunike, uuache saa 24 hadi 48.

Usitie plastiki siku hiyo ya kwanza. Kwenye udongo unaonata, nyuzi hujikunja pamoja na kuwa mabunda, na bunda ni tundu laini ndani ya tabaka. Chokaa ikishafanya kazi yake, udongo huchanguka na nyuzi hupenya kila mahali. Basi siku ya tatu geuza tena, hakikisha hakuna bonge kubwa kuliko sentimita 2.5, kisha tawanya nyuzi kwa mafungu matatu, ukigeuza udongo baada ya kila fungu. Ukizimwaga zote juu na kuzigeuza mara moja, zitalala bapa katika usawa mmoja, na hapo umejenga utelezi ndani ya barabara.

Shindilia siku hiyo hiyo. Sambaza unene wa sentimita 20 hadi 22 upate 15. Kompakta ya sahani ndogo haiwezi unene huo kwenye mfinyanzi. Kodi rola ndogo ya kutetemesha, au ukitumia kompakta gawa tabaka mara mbili. Katikati pawe juu kuliko kingo kwa sentimita 6 ili maji yatiririke. Pima kwa nondo ya milimita 12 iliyochongwa ncha: pale inapozama zaidi ya sentimita 2 au 3 kwa nguvu ya mkono, rudia. Funika kwa nailoni au nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Chokaa ikikauka mapema, viungo havijengeki, na tabaka hurudi kuwa vumbi.

Baada ya hapo weka muramu wa milimita 150 ulioshindiliwa. Muramu huu unabeba gurudumu, na ndio unaozuia nyuzi zisifichuke. Tabaka lenye plastiki likiachwa wazi, magari hulichimbua, mvua hubeba nyuzi mtaroni, kutoka mtaroni hadi mto Nyando, na Nyando huishia ziwani. Kwa sababu hiyo usilitumie kwenye ukingo wa mtaro, karibu na kisima, wala mahali unapotarajia kulima siku moja. Lipime na ulichore kwenye ramani ya ploti. Kabla ya kuanza, uliza ofisi ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na ya kaunti, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 hairuhusu mtu kufukia taka popote apendapo, na plastiki iliyofukiwa bila vipimo haina tofauti na taka.

Yapo mazungumzo pia ya kuyeyusha plastiki kwenye pipa na kuimimina juu ya udongo. Usifanye. Mfinyanzi wenye unyevu hutoa mvuke unaorusha plastiki moto, na moshi, hasa kukiwa na PVC ndani, una gesi ya asidi.

Langoni, pale gari linapozama

Kwa sehemu fupi laini, magunia mazima hufanya kazi kuliko nyuzi. Wajapani huiita do-nou, na imetumika kwenye barabara za vijijini hapa Kenya. Chukua magunia ya polipropilini ya takriban sentimita 45 kwa 60, yajaze muramu au mchanga wa changarawe, usiyajaze udongo mweusi, ufunge midomo ukiacha nafasi ya kutandazika. Yapange yakibanana, ushindilie kila moja liwe bapa kama sentimita 40 kwa 40 kwa unene wa 10. Gurudumu likilikanyaga, gunia linajaribu kutanuka, kitambaa kinakaza, na muramu ulio ndani unabanwa na kuwa mgumu. Eneo la mita 3 kwa 4 linahitaji magunia 75 kwa safu moja. Weka safu mbili, viungo vya juu visikutane na vya chini. Funika kwa muramu wa sentimita 10, kwa kuwa polipropilini iliyo wazi juani hupukutika.

Msomaji wa Nakuru asichukue vipimo hivi kama vilivyo: udongo wa majivu ya volkano wa huko kwa kawaida hauna uvimbe huu, shida yake ni kutitia ukilowa, na tiba yake huanza kwa kushindilia vizuri na saruji kidogo.

Mvua kubwa za kwanza zikipita, tembea njia yote ukiangalia kingo. Ukiona nyuzi zimechungulia, ongeza muramu na ushindilie siku hiyo hiyo. Ukiona bonde la gurudumu, chimba shimo dogo kando yake utazame: tabaka la chokaa likiwa gumu, muramu wako ndio mwembamba, likiwa laini na lenye maji, zibua mtaro kwanza ndipo utengeneze bonde.